Mechi Ambayo Kernyuy Hakucheza

Hoteli ya timu, kaskazini mwa Ufaransa
5 Juni

Dada Lei,

Tumefika salama. Huku wanasema ni kiangazi, lakini Mbazoa, nahodha wetu, yule anayejigamba kwamba hajui baridi, analala na soksi mbili na kofia. Jana tulimcheka mpaka kocha akaja kugonga mlango.

Naandika kwa mkono kama tulivyokubaliana. Nitaipiga picha nimtumie binamu yetu Suiven pale Bafoussam, naye ataichapisha na kumpa Mama Verdzekov, yule mchuuzi wa chumvi, aifiche kwenye gunia lake. Najua ni usumbufu, lakini tangu walipokata simu huko Kumbo sina njia nyingine, na sitaki ukutwe barabarani na simu yenye picha yangu nimevaa jezi ya taifa. Askari wakiiona ni maswali, vijana wa msituni wanaopigania tujitenge na nchi hii wakiiona ni mabaya zaidi.

Dada, nimepangwa! Beki wa kati, kuanzia dakika ya kwanza. Mimi huyu, mliyekuwa mkinituma maji nikarudi na ndoo tupu na magoti yamechubuka, nitasimama kwenye Kombe la Dunia la wanawake. Katika timu nzima ya wasema Kifaransa ni mimi peke yangu ninayetoka upande wetu wa Kiingereza. Wananiita Bamenda, kwa jina la mji mkubwa wa kwetu. "Bamenda, nipitishie chumvi." "Bamenda, leo Jumatatu, siku ya mgomo wenu, hamjafunga milango?" Wengine wananitania kwa upendo, wengine sijui. Nimezoea.

Baba je? Siku ninaondoka alikuwa kwenye cherehani yake anadarizi joho la harusi ya watu, hakuinua kichwa. Aliniuliza neno moja tu: "Na wimbo wao utauimba?" Nikamwambia, "Baba, wachezaji wote huimba." Akaendelea kukanyaga cherehani. Mwambie aniandikie, hata mistari miwili. Kama anataka kunigombeza, anigombeze kwa maandishi.

Mechi ya kwanza ni tarehe kumi.

Mdogo wako,
Kernyuy


Kumbo
9 Juni

Kernyuy mdogo wangu,

Barua yako imefika, imelowa pembeni lakini inasomeka. Mama Verdzekov alikataa kuondoka mpaka nimsomee kidogo, nikamsomea habari ya soksi za nahodha wenu, akacheka hadi akakohoa.

Sisi hatujambo. Mvua ni nyingi, mahindi yamesimama vizuri. Njia ya kwenda sokoni imefungwa tena kwa magogo, kwa hiyo tunakula tulichonacho, ugali na mboga, na hatulalamiki.

Baba amekwenda Mbiame. Kuna mkubwa mmoja huko anataka majoho ya kilio, na kazi ni nyingi, kwa hiyo atakaa huko kwa muda. Cherehani ameiacha, atatumia ya wenyeji wake. Aliondoka ghafla ndiyo maana hakuandika. Usiweke moyoni.

Jambo moja, na nakuomba unisikilize bila kuniuliza. Waandishi wa habari wakikuuliza juu ya nyumbani, sema hujui lolote. Na kama kocha atataka kukupumzisha mechi moja au mbili, usibishane naye. Wewe hujui kupumzika, tangu utotoni. Kukaa benchi si aibu.

Mungu akulinde.

Dada yako,
Leinyuy


Hoteli ya timu
13 Juni

Dada Lei,

Tumefungwa mbili kwa moja na Wajapani. Sitaki kuizungumzia. Wale wasichana wanakimbia kama wametumwa dawa ya mgonjwa.

Nataka kuzungumzia barua yako. Dada, wewe hujui kusema uongo, hujawahi kujua. Baba aende Mbiame aache cherehani yake? Baba huyu ambaye ukiegemea tu cherehani yake hupati chakula cha jioni? Anashona kwa cherehani ya mtu mwingine tangu lini? Hajaenda popote. Yuko hapo ndani, amekataa kuniandikia, na wewe unamfichia. Na hayo ya kukaa benchi ni maneno yake, si yako. Anataka nije mpaka huku Ulaya nikae nje kwa ajili ya kumfurahisha.

Basi mwambie nimeimba. Mwambie nilisimama mstari wa kwanza na kamera ikapita usoni kwangu na nikaimba kwa sauti, kila neno, kwa Kifaransa. Sikuimba kwa sababu nawapenda wanaotuchomea vijiji. Niliimba kwa sababu nimeufanyia mpira huu kazi tangu nikiwa mtoto, na ukitaka kuucheza mbele ya dunia, mlango ni huo mmoja. Yeye anadarizi majoho ya kila mtu, hata ya mkuu wa mkoa aliyeletwa na serikali hiyo hiyo. Mbona sindano yake haina dhambi?

Kama ananionea aibu, asinihesabu.

Tarehe kumi na saba tunacheza na Wanorwe. Nitacheza dakika zote.

Kernyuy


Kumbo
15 Juni

Kernyuy,

Keti kwanza. Kama uko na wenzako, toka hapo uende chumbani.

Baba hayuko Mbiame. Walimchukua. Ilikuwa Jumapili, siku chache kabla ya barua yako ya kwanza kufika. Tumetoka misa, ndiyo kwanza naweka sufuria motoni, nikasikia pikipiki. Kiongozi wa wale vijana wa msituni alikuwa Fonyuy, mtoto wa jirani yetu Pa Lukong, yule ambaye Baba alimshonea suruali ya shule bure. Sasa anaitwa Jenerali Chuma, na ukimwita kwa jina lake unapigwa.

Akamwambia Baba, "Mzee, binti yako anavaa jezi ya watu wanaotuua."

Baba akasema, "Jezi hiyo sikuishona mimi."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Mwambie aivue."

"Mwambie mwenyewe. Ni mtu mzima, na mimi hanisikilizi."

Wakamshika mikono. Alikuwa bado na futi ya kupimia shingoni. Walipomfikisha mlangoni akageuka, akaniita kwa ukali ule wake: "Lei! Usimwandikie! Ukimwandikia, mimi si baba yako tena." Ndiyo maana nilikudanganya, Kernyuy. Nilikuwa natii.

Lakini jana wamemtuma mtu. Wanasema walikuona kwenye televisheni unaimba. Wanasema ukionekana tena uwanjani na jezi ile, wataanza na mkono wake.

Sijui hii itakufikia kabla ya tarehe kumi na saba. Mama Verdzekov ameondoka leo hii kwa ajili yangu, na barabara ni mbaya.

Usimwambie kocha. Usimwambie mkubwa yeyote wa timu. Wakiambiwa wao, askari wataambiwa, na askari wakija huku hawaulizi nyumba ipi. Baba atakufa, na majirani watakufa pamoja naye.

Barua yako ya hasira nimeichoma. Hakuna aliyeisoma ila mimi.

Leinyuy


Hoteli ya timu
22 Juni

Dada yangu,

Ilinifikia tarehe kumi na nane. Mechi na Wanorwe ilikuwa jana yake.

Tulishinda. Moja bila. Ilikuwa kona, nikaruka, nikaupiga kwa kichwa. Mimi ndiye niliyefunga, Dada. Wenzangu walinirukia, Mbazoa akanibusu kwenye paji la uso, na wakati huo barua yako ilikuwa kwenye gunia barabarani. Tangu niisome sijaweza kula. Ninajiuliza mkono gani.

Nilimwambia kocha paja limenivuta. Akanipeleka kwa Daktari Tchuenkam. Unamkumbuka, nilikuambia, yule mama mkimya kutoka Bafang. Akaniminya paja huku, akaniminya kule, akasema, "Hapa hapaumi." Nikasema panauma. Akaminya tena. Machozi yakanitoka yenyewe. Akanitazama kwa muda, halafu akafungua mlango akamwambia kocha, "Msuli umechanika. Hawezi kucheza." Hakuniuliza kitu.

Kwa hiyo jana, mechi ya mwisho ya kundi, na Waskoti, nilikaa benchi na fulana ya mazoezi. Sare tu ingetupeleka mbele. Nafasi yangu alipewa Essomba, mtoto wa juzi, hajawahi kucheza mechi kubwa. Kabla ya kuingia alinijia: "Bamenda, yule namba tisa wao nimkabe vipi?" Nikamwambia asimfuate, amsubiri. Alimsubiri vizuri karibu mechi yote. Mwishoni akachoka, akamfuata. Waskoti wakapita pale pale alipotoka, wakafunga. Tumetolewa.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Essomba alikaa chini sakafuni amejifunika taulo. Mbazoa akaja kwangu. "Niangalie," akasema. "Juzi na Wanorwe umekimbia dakika zote. Jana asubuhi nimekuona unapanda ngazi. Niambie ukweli, nitaubeba mimi." Nikainama kufungua kamba za viatu. Akasubiri. Halafu akasema, "Kumbe ni kweli wanavyosema juu yenu watu wa Bamenda," akaenda kukaa na Essomba.

Kisha jioni ile ile vijana wa msituni wakatoa video. Nadhani ni Fonyuy, amefunga uso. Anasema dada yao Kernyuy amekataa kuchezea wakoloni, anasema mimi ni shujaa wao. Imesambaa kila mahali. Bwana Owona, kiongozi wa msafara, akaniita na karatasi iliyoandikwa tayari. Nisome mbele ya kamera kwamba hao ni magaidi na kwamba mimi naipenda nchi yangu. Nikamwambia siwezi. Akasema, "Huwezi au hutaki?" Nikamwambia siwezi. Akasema, "Ni neno dogo tu, binti, na litakuokoa." Nikamwambia ndiyo, litaniokoa mimi.

Wamechukua pasi yangu ya kusafiria. Kesho narudishwa peke yangu, si na timu.

Niambie Baba yuko wapi.

Kernyuy


Bafoussam
30 Juni

Kernyuy,

Yuko hapa. Yuko hai.

Walimwachia baada ya mechi ya Waskoti. Alitembea kutoka msituni mpaka nyumbani, mkono umefungwa kwa kipande cha shati. Kidole gumba na cha shahada, mkono wa kulia. Kimebaki kiganja na vidole vitatu. Siandiki zaidi ya hapo.

Alikaa nyumbani usiku mmoja tu. Askari walikuja kwa ajili ya ile video, wanauliza nyumba ya yule mchezaji msaliti. Tulikuwa tumeshakimbilia shambani, tukauona moshi. Nyumba imekwisha, na cherehani imekwisha, na ya Pa Lukong jirani imekwisha pia, yeye ambaye mwanawe ndiye aliyetuletea haya yote. Mzee yule alikuwa amelala. Hakutoka.

Tumefika kwa Suiven baada ya kutembea na kulala porini. Baba anakula. Ananywa dawa. Lakini hanisemeshi. Nikimletea maji anapokea kwa mkono wa kushoto anaangalia ukutani. Ni kwa sababu nilikuandikia.

Sasa tuko mahali penye simu, nikadhani nitaisikia sauti yako leo leo. Simu yako haiiti. Jibu.

Leinyuy


Bafoussam
28 Julai

Kernyuy,

Suiven amekwenda mpaka Yaoundé. Chumba chako kina kufuli, na mwenye nyumba anasema hajakuona tangu ulipoondoka na timu. Kwenye ofisi za timu walimwambia hawamjui mtu wa jina hilo. Kuna mama mmoja, daktari, alimfuata nje akamwambia kwa siri kwamba uko hai na tusitangaze.

Barua hii, pamoja na ile ya Juni, Suiven atampelekea huyo daktari. Kama zinakufikia, hata alama ya kalamu itatosha.

Lei


Yaoundé
4 Septemba

Dada Lei,

Wameniachia juzi. Barua zako za Juni na Julai nilipewa mlangoni wakati wa kutoka, zimefunguliwa.

Usiniulize palikuwaje. Walitaka nisome karatasi ile ile. Kila walipokuja walikuja nayo. Sasa hawaihitaji tena, nadhani dunia imeshasahau. Nimeambiwa sitaitwa timu ya taifa maisha yangu yote, na klabu yangu imeniomba nisikanyage mazoezini. Goti la kushoto halikunji vizuri. Daktari Tchuenkam ananiangalia nyumbani kwake, bila malipo, na anasema litapona kwa kutembea, si kwa kukimbia.

Ulisema vidole viwili. Najua ni kitu gani kilichowafanya wakate. Tarehe kumi na saba, mimi na kichwa changu.

Mwambie Baba simlaumu akikataa kuniandikia. Safari hii namwelewa.

Kernyuy


Bafoussam
13 Septemba

Kernyuy binti yangu,

Naandika kwa mkono wa kushoto. Usicheke mwandiko, hata mimi unanichekesha.

Lei ameniambia unadhani goli lako ndilo lililonikata. Nataka ujue ilivyokuwa, kwa sababu nilikuwepo na wewe hukuwepo.

Walinifungia kwenye shule iliyoachwa. Darasa moja walikuwa na televisheni na jenereta. Siku ile ya Wanorwe Fonyuy alinikalisha mbele, akasema, "Tuone kama binti yako ana masikio." Ukatoka kwenye mlango na wenzako. Wimbo ukapigwa, nikakuona unaimba. Wale vijana wakazomea. Kisha mpira ukaanza, na baada ya muda hawakuzomea tena. Walianza kusema, "Beki huyo! Beki huyo!" Mmoja akawa anaeleza wengine kwamba mlisoma naye darasa moja. Ulipofunga, darasa zima liliruka. Madawati yalianguka. Fonyuy ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Aliniinua mimi, Kernyuy. Alinikumbatia.

Halafu akajiona anavyonikumbatia. Wenzake nao wakamwona. Akaniweka chini akauliza, "Nani ameshangilia hapa?" Alinikata kwa sababu alikuwa amefurahi mbele ya watu wake. Huo ndio ukweli wa jambo lile. Si goli lako.

Mechi ya mwisho wakanileta tena. Wakasoma majina, lako halikuwepo. Nikajua Lei amevunja neno langu. Nililia, na wao wakadhani nalia kwa furaha. Kijana mmoja akanung'unika, "Sasa pale kati nani atakaba?" Waskoti walipofunga, Fonyuy akapiga ngumi ukutani: "Angekuwepo Kernyuy, lile halipiti!" Wote wakamtazama. Akazima televisheni, akasema, "Mzee, nenda nyumbani." Nimesikia ameuawa mwezi uliopita. Nilimsomea sala. Nilimfahamu tangu mtoto.

Sasa nisikie. Nilikuwa nimemwomba Mungu ucheze. Nilikuwa nimeshakubali. Mimi ni mzee, mke wangu ametangulia, nilishona nilichoshona. Nilitaka siku moja tu ya maisha yangu isiamuliwe na mtu mwenye bunduki, nikachagua iwe ile. Mkaniamulia ninyi. Nimemkasirikia Lei na nimekukasirikia wewe, na kila asubuhi naamka, nasikia watoto wa Suiven wakigombania uji, na nafurahi kuusikia ugomvi wao. Sijui mtu anashukuru namna gani kwa kitu alichokikataa.

Jana nimemwambia Lei chai yake haina sukari. Analia tangu jana.

Baba yako,
Tatah Wirba


Yaoundé
17 Septemba

Baba,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama sokoni, watu wakinipita.

Nitakuja Jumamosi. Lakini kuna jambo lazima nikuandikie kabla, kwa sababu sitaweza kulisema nikiwa mbele yako.

Essomba alinitafuta. Ni yule msichana aliyepewa nafasi yangu siku ile. Ameacha mpira. Mtaani kwao walivunja kibanda cha mama yake cha samaki, wakaandika jina lake ukutani na matusi. Kwenye basi watu wanamtambua. Alikuja kuniuliza kitu kimoja: kama nilimwambia amsubiri yule namba tisa kwa nia njema, au nilimtega.

Nikamweleza yote, Baba. Kutekwa kwako, mkono, barua ya Lei, paja ambalo halikuwa limechanika. Ni mtu wa kwanza niliyemwambia.

Soda niliyomnunulia hakuigusa. Kisha akauliza, "Na huyo baba yako, yuko hai?"

Nikamwambia yuko hai.

"Anakula? Anatembea?"

Nikamwambia anakula, anatembea, juzi amegombana na dada yangu juu ya sukari.

Akainuka akavaa mkoba wake. Hakunipa mkono. Akasema, "Basi mwambie aishi. Mwambie asithubutu kufa upesi, maana nimemlipia mimi."

Nimekuletea salamu zake kama alivyozisema.

Binti yako,
Kernyuy